Shajara ya mradi: Kukata mizunguko katika upakiaji wa objekti zinazohusiana

Hali ya kuanzia

Tabaka linalogeuza rekodi za hifadhidata kuwa objekti lina hitilafu tatu zilizoripotiwa kila moja kivyake. Ya kwanza: programu inakufa kwa staki (kumbukumbu ya miito ambayo bado haijamalizika) kujaa mara tu idara inapopakiwa pamoja na mkuu wake. Ya pili: mabadiliko ya mfanyakazi yanapotea baada ya kuhifadhi, na hakuna kosa linaloonyeshwa. Ya tatu: orodha moja ya wafanyakazi inatuma hoja zaidi ya elfu moja kwenye hifadhidata. Chanzo cha zote ni kimoja, nacho ni msimbo wa kupakia unaojiita tena kila ukikutana na uhusiano, bila kuuliza kwanza kama rekodi hiyo tayari iko njiani.

Majedwali ya majaribio ni mawili:

```
idara      (id, jina, jimbo, mkuu_id -> mfanyakazi.id)
mfanyakazi (id, jina, meneja_id -> mfanyakazi.id, idara_id -> idara.id)
```

Data ya kuzalisha hitilafu ni rekodi tatu tu. Idara 1 inaongozwa na mfanyakazi 7. Mfanyakazi 7 yumo idara 1, na meneja wake ni 7, yaani yeye mwenyewe. Mfanyakazi 8 yumo idara 1 na meneja wake ni 7. Humo mna mzunguko wa majedwali mawili, rekodi inayojielekeza yenyewe, na rekodi moja inayofikiwa kwa njia mbili. Data kubwa zaidi ya hii inaficha tatizo badala ya kulifichua.

Kabla ya kugusa msimbo, tumeweka kihesabu cha hoja ndani ya jaribio: hoja ikizidi 20, jaribio linasimama na kuchapisha hoja zote 20. Kusubiri staki ijae hakusaidii, kwa sababu ripoti yake ni mamia ya mistari inayofanana. Kwa kihesabu, mchoro unaonekana papo hapo: idara 1, mfanyakazi 7, idara 1, mfanyakazi 7, na kuendelea.

Pendekezo la kuweka kikomo cha kina, tuseme ngazi tano kisha basi, limekataliwa kama tiba ya mzunguko. Kikomo kinazuia programu isife, lakini kinaacha objekti tano tofauti za rekodi moja. Ukibadilisha jina kwenye nakala ya kwanza na hifadhi ikaandika nakala ya tatu, ndipo mabadiliko yanapopotea. Kwa hiyo kikomo kingegeuza hitilafu ya kwanza, inayopiga kelele, kuwa ile ya pili, iliyo kimya. Kikomo hicho kina kazi yake, nayo inakuja mbele.

Kiraka cha kwanza: andikisha kabla ya kufuata uhusiano

Tabaka lina daftari la utambulisho, yaani kamusi inayotoka ufunguo (klasi na id) kwenda kwenye objekti, ili rekodi moja iwe objekti moja ndani ya kikao kimoja. Daftari lilikuwepo tangu mwanzo. Kasoro ilikuwa kwenye mpangilio: soma rekodi, tengeneza objekti, pakia mahusiano yake, kisha andikisha. Mfanyakazi 7 anapopakiwa, idara 1 inaitwa. Idara 1 inamwita mkuu wake, ambaye ni 7. Daftari linaulizwa juu ya 7 na linajibu hayumo, kwa sababu 7 wa kwanza bado anasubiri idara yake. Anatengenezwa 7 wa pili, na safari inaanza upya.

Mpangilio mpya:

```
pakia(klasi, rekodi):
    ufunguo = sanifu(klasi.mzizi, rekodi)
    kama ufunguo umo daftarini: rudisha daftari[ufunguo]
    o = klasi.tupu()
    o.hali = INAPAKIWA
    daftari[ufunguo] = o
    jaza_safuwima(o, rekodi)
    foleni.ongeza(o)
    rudisha o
```

Kazi ya `sanifu` inaelezwa kwenye kiraka cha pili, na `foleni` ni orodha ya objekti zinazosubiri kukamilishwa. Mstari wenye uzito ni ule wa `daftari[ufunguo] = o`. Ukikaa kabla ya uhusiano wowote kuguswa, mzunguko unajifunga wenyewe: idara 1 ikimuuliza 7, inapewa objekti ileile ambayo bado inajazwa.

Mpangilio huu una gharama zake, nazo ni lazima zilipwe kwenye kiraka hikihiki. Kwanza, sasa kuna objekti zilizojaa nusu zinazoonekana na msimbo mwingine. Kitendo chochote cha baada ya kupakia, kwa mfano kukokotoa jina kamili la idara kutoka kwa mkuu wake, kikiendeshwa mapema kinakuta utupu. Vitendo hivyo vyote vimehamishwa viendeshwe mwishoni, foleni ikishaisha, na hali ikishabadilika kutoka INAPAKIWA kwenda TAYARI. Pili, `klasi.tupu()` haiiti kiundaji cha kawaida cha klasi, maana kiundaji kinaweza kudai idara iliyokamilika kama kigezo. Tatu, kosa likitokea katikati, tuseme muunganisho umekatika, objekti zote zenye hali ya INAPAKIWA zinaondolewa daftarini. Zikiachwa, hoja inayofuata itapewa mfanyakazi asiye na idara, na hakuna atakayejua kwa nini.

Daftari letu linashikilia objekti kwa rejeleo dhaifu, yaani lisilozuia objekti kufutwa kwenye kumbukumbu, ili kumbukumbu isijae. Wakati wa upakiaji hilo ni hatari: objekti ambayo bado haijashikwa na yeyote inaweza kufagiliwa kabla uhusiano haujaielekea, kisha ikapakiwa upya kama objekti nyingine. Foleni sasa inashikilia rejeleo kamili hadi upakiaji wote uishe.

Hali: kimeunganishwa kwenye tawi kuu. Jaribio la rekodi tatu linapita kwa majedwali yetu, lakini halipiti kwenye hifadhidata moja ya zamani iliyoletwa kwa uchunguzi. Sababu yake ndiyo kiraka kinachofuata.

Kiraka cha pili: ufunguo ule ule kwa sura tofauti

Katika hifadhidata hiyo, `mfanyakazi.id` ni namba, lakini `idara.mkuu_id` ilitangazwa kuwa maandishi. Kiendeshi, yaani maktaba inayounganisha programu na hifadhidata, kinarudisha 7 upande mmoja na "7" upande wa pili. Daftari linaziona kama funguo mbili, na rekodi moja inazaa objekti mbili. Hapa lugha ya programu inabadilisha dalili. Katika Python, `7` na `"7"` ni funguo mbili za kamusi. Katika Java, `Long` yenye 7 hailingani na `Integer` yenye 7, ingawa zote ni namba. Katika PHP, ufunguo "7" wa safu hugeuzwa kuwa namba 7 kimyakimya, hivyo hitilafu haionekani hadi ije "07", ambayo haigeuzwi.

Kazi ya `sanifu` ni kuleta kila ufunguo kwenye sura moja kabla haujafika daftarini, na aina inayofuatwa ni ile ya ufunguo msingi wa jedwali linaloelekezwa, kamwe si ile ya safuwima iliyobeba thamani. Mambo yanayoshughulikiwa humo:

- Maandishi ya `char(n)`: PostgreSQL huyajaza nafasi tupu mwishoni. Nafasi hizo hukatwa.
- UUID (vitambulisho virefu vya tarakimu na herufi) zilizohifadhiwa kama maandishi: herufi zote huwa ndogo.
- Funguo za safuwima nyingi: mpangilio hufuata tangazo la jedwali. Hoja iliyorudisha (mwaka, namba) na ile iliyorudisha (namba, mwaka) zisizalishe funguo mbili.
- Urithi wa klasi: ufunguo hutumia klasi ya mzizi. Kama `Meneja` inarithi `Mfanyakazi`, basi (Meneja, 7) na (Mfanyakazi, 7) ni mtu mmoja, na daftari lazima lijue hivyo.

Hilo la urithi ndilo gumu kuligundua kwa macho, kwa sababu kila klasi ikijaribiwa peke yake inafanya kazi vizuri. Jaribio lake linapakia 7 kama meneja wa 8, kisha linampakia moja kwa moja kwa id, na kudai kuwa ni objekti moja.

Hali: kimeunganishwa.

Kiraka cha tatu: foleni badala ya kujiita

Mzunguko umekatika, lakini hoja bado ni nyingi mno, na staki bado inaweza kujaa. Mnyororo wa mameneja usio na mzunguko wowote, wenye viungo 1,200, unaangusha msimbo unaojiita katika Python, ambayo kikomo chake cha kawaida ni miito 1,000. Kwa hiyo tumeondoa kujiita kabisa. Mahusiano nayo yanaingia kwenye foleni, na foleni inashughulikiwa ngazi kwa ngazi.

Tofauti inapimika kwa hesabu ya karatasi. Chukua mti wenye mzizi mmoja, kila mtu akiwa na walio chini yake 10, kwa ngazi tatu: 1 + 10 + 100 + 1,000, jumla objekti 1,111. Ukiuliza watoto wa kila objekti peke yake, hoja ni 1 ya mzizi na 1,111 za watoto, yaani 1,112. Ukiuliza kwa ngazi, kwa mafungu ya funguo 500, hoja ni 6: mzizi, kisha watoto wa mmoja, wa kumi, wa mia, na mbili za mwisho kwa wale elfu moja, zinazorudi tupu.

Fungu la 500 limechaguliwa kwa kutazama mipaka ya hifadhidata zenyewe. SQLite kabla ya toleo 3.32.0 la mwaka 2020 iliruhusu vigezo 999 kwa hoja. Tangu hapo ni 32,766. SQL Server inaruhusu 2,100. PostgreSQL inaishia 65,535. Oracle kwa miaka mingi imekataa orodha ya `IN` yenye vitu zaidi ya 1,000. Mtu aliyezoea PostgreSQL peke yake atashawishika kuweka 10,000, na msimbo wake utakufa siku ya kwanza kwenye SQL Server. Zingatia pia kwamba kinachohesabiwa ni vigezo, si rekodi: ufunguo wa safuwima tatu na fungu la 500 ni vigezo 1,500, ambavyo SQLite ya zamani haivipokei. Ukubwa wa fungu sasa unagawanywa kwa idadi ya safuwima za ufunguo.

Hatua za kila ngazi:

1. Kusanya funguo za kigeni za objekti zote za ngazi hiyo, kwa kila uhusiano peke yake.
2. Ondoa zilizo `NULL` (zisizo na thamani), ondoa zinazorudiwa, na ondoa zile ambazo daftari tayari linazo.
3. Tuma hoja kwa mafungu.
4. Gawa majibu kwa kusoma ufunguo wa kila rekodi. Usitegemee mpangilio wa majibu. `IN` haiahidi mpangilio wowote.
5. Funguo zilizoulizwa lakini hazikurudi, ziwekee alama ya HAIPO.

Hatua ya tano husahaulika sana. Bila alama hiyo, kielekezi kinachoelekea rekodi iliyofutwa kinaulizwa upya kila ngazi na kila ukurasa. Alama inaishi kwa muda wa kikao kimoja tu, kwa sababu rekodi inaweza kuingizwa baadaye.

Upande wa hifadhidata, hoja ya watoto inatafuta kwa `meneja_id`. InnoDB ya MySQL hutengeneza faharasa ya ufunguo wa kigeni yenyewe, PostgreSQL haitengenezi. Bila `CREATE INDEX` juu ya `meneja_id`, kila ngazi inasoma jedwali zima, na lawama inaangukia tabaka letu.

Hali: kimeunganishwa. Mnyororo wa viungo 1,200 umeongezwa kwenye majaribio ya kudumu.

Kiraka cha nne: hoja moja yenye viungo vingi

Njia ya pili ya kupakia ni kuunganisha majedwali kwa `LEFT JOIN` ndani ya hoja moja. Hapa ndipo kikomo cha kina kinapostahili, kwa sababu maandishi ya hoja lazima yawe na mwisho hata kama data haina. SQLite inakubali majedwali 64 katika muunganisho mmoja na MySQL 61. Kina tunakihesabu kwa mara ambazo uhusiano uleule umetokea kwenye njia. Kuhesabu urefu wote wa njia kungeadhibu njia ndefu zisizo na marudio yoyote.

Kasoro ya kwanza iliyofichuliwa ni ya lakabu za safuwima, yaani majina ya muda zinayopewa ndani ya hoja. Zilitengenezwa kwa kuunganisha majina ya njia nzima. Kipande `idara_mkuu_` kina baiti 11. Kikirudiwa mara tano ni 55. Ukiongeza `idara_jina` unapata 65, na `idara_jimbo` unapata 66. PostgreSQL hukata kitambulisho chochote kwenye baiti 63, hivyo vyote viwili vinaishia na `idara_ji` na vinakuwa jina moja. Kwa lakabu ya jedwali, PostgreSQL ingekataa na kusema jina limetajwa zaidi ya mara moja. Kwa safuwima za matokeo haikatai. Inatoa taarifa ya kukata jina, basi, na kiendeshi kinachorudisha rekodi kama kamusi kinafunika thamani ya kwanza kwa ya pili. Matokeo ni idara ambayo jina lake ni jina la jimbo. Lakabu sasa ni `t0`, `t1`, `c0`, `c1`, na rekodi inasomwa kwa nafasi, si kwa jina.

Kasoro ya pili: `LEFT JOIN` isiyopata mwenza hurudisha `NULL` kila mahali, na msimbo ulitengeneza objekti ya mfanyakazi asiye na id. Sasa safuwima za ufunguo msingi zinakaguliwa kabla ya `klasi.tupu()`. Zikiwa `NULL` zote, hakuna objekti.

Kasoro ya tatu ndiyo hatari kuliko zote katika mradi huu, na inastahili kuelezwa kwa urefu. Hoja yenye kina cha tatu ikianzia idara 1 inamfikia mfanyakazi 7 mara mbili: mara ya kwanza kama mkuu wa idara, ambapo orodha ya walio chini yake imeunganishwa, na mara ya pili ukingoni, kama meneja wa 8, ambapo hakuna kilichounganishwa baada yake. Msimbo wa zamani ulipofika ukingoni uliandika orodha tupu. Kwa kuwa sasa ni objekti moja, orodha tupu ya ukingoni ilifunika orodha iliyojaa. Kama uhusiano huo umewekewa kanuni ya kufuta watoto walioachwa, kuhifadhi tu kunatuma `DELETE` kwa wafanyakazi ambao hakuna aliyewagusa. Data inapotea kwa sababu ya kusoma.

Tiba ni kutenganisha hali tatu ambazo zilikuwa zikichanganywa: HAIJAPAKIWA, TUPU na IMEJAA. Ukingoni tunaweka HAIJAPAKIWA, na pale tu ambapo hakuna hali iliyotangulia. Kanuni ya kuhama ni ya upande mmoja: HAIJAPAKIWA inaweza kuwa TUPU au IMEJAA, lakini upakiaji haurudishi nyuma kamwe. Anayetaka kurudisha nyuma aombe upakiaji upya kwa wazi. Nayo safuwima iliyobadilishwa na mtumiaji na bado haijahifadhiwa haifunikwi na rekodi iliyosomwa upya. Wakati wa kuhifadhi, uhusiano wenye HAIJAPAKIWA hauangaliwi kabisa.

Limebaki zao la kuzidishana. Kuunganisha mikusanyiko miwili ya kiwango kimoja, mmoja wa vitu 20 na mwingine wa 30, kunarudisha rekodi 600 kwa mzizi mmoja. Tunaondoa marudio kwa kufuata ufunguo wa mtoto ndani ya kila mkusanyiko, lakini rekodi 600 tayari zimesafiri. Tabaka sasa linakubali mkusanyiko mmoja tu kwa muunganisho. Wa pili unapelekwa kwenye foleni ya kiraka cha tatu bila kuuliza.

Hali: kimeunganishwa baada ya mapitio marefu.

Mti mzima kwa hoja moja

Kwa anayehitaji mti wote bila kujua kina chake, tumeongeza njia ya `WITH RECURSIVE`, inayopatikana PostgreSQL tangu 8.4, SQLite tangu 3.8.3 na MySQL tangu 8.0.

```
WITH RECURSIVE chini(id) AS (
    SELECT id FROM mfanyakazi WHERE id = 7
    UNION
    SELECT m.id FROM mfanyakazi m JOIN chini c ON m.meneja_id = c.id
)
SELECT m.* FROM mfanyakazi m JOIN chini c ON m.id = c.id;
```

Neno `UNION` bila `ALL` linatupa rekodi iliyokwisha kuonekana, hivyo 7 anayejielekeza anaishia mara moja. Usiongeze safuwima ya `kina` hapo ndani. Kila duru itakuwa na kina kipya, kwa hiyo rekodi (7, 0), (7, 1), (7, 2) zote zitaonekana mpya na hoja haitaisha. MySQL itaikatisha baada ya duru 1,000 kwa mpangilio wake wa kawaida. PostgreSQL itaendelea hadi diski au uvumilivu uishe. Kina kikihitajika, PostgreSQL 14 na kuendelea ina `CYCLE id SET ni_mzunguko USING njia`. Kwingineko tunakikokotoa ndani ya programu, baada ya objekti kuunganishwa.

Yanayotoka nje ya tabaka

Kiraka cha kwanza kimefanya mtandao wa objekti uwe na mizunguko ya kweli, kwa hiyo msimbo wowote unaoutembea bila kukumbuka ulikopita utazama. Waathiriwa wa kwanza ni kugeuza kuwa JSON, kuchapisha objekti kwenye kumbukumbu za makosa, na kulinganisha objekti mbili. Kwa JSON, mwandishi anashika orodha ya funguo zilizo kwenye njia ya sasa, kutoka mzizi hadi alipo. Akikutana na ufunguo uliomo anaandika id pekee. Iwe njia, si kila kilichowahi kuonekana, la sivyo wafanyakazi wawili wa idara moja watatoka mmoja akiwa na idara kamili na mwenzake akiwa na namba. Kulinganisha kunatumia klasi ya mzizi na ufunguo, bila kugusa mahusiano. Kuchapisha kwenye kumbukumbu za makosa kumekatazwa kuamsha upakiaji mvivu, yaani ule unaosubiri hadi uhusiano uguswe. Uhusiano usiopakiwa unachapishwa hivyo ulivyo, `HAIJAPAKIWA`.

Yaliyo wazi

Mikusanyiko iliyochujwa. Mtu akiomba idara pamoja na wafanyakazi walioajiriwa baada ya tarehe fulani, orodha inayorudi si TUPU wala si IMEJAA. Ikiwekwa IMEJAA, kuhifadhi kutawachukulia waliochujwa kuwa wameondolewa. Pendekezo lililo mezani ni hali ya nne, SEHEMU, inayoruhusu kuongeza na kukataza kufuta walioachwa. Majaribio yake yameandikwa na yanashindwa, kama yanavyopaswa kwa sasa.

Objekti kutoka muamala mwingine (muamala ni kundi la hoja linalohesabiwa kama kitendo kimoja). Foleni ya ngazi nyingi inatuma hoja kadhaa, na kwa kiwango cha kawaida cha PostgreSQL kila hoja inaona data iliyothibitishwa hadi dakika yake. Mfanyakazi anaweza kuhamishwa idara kati ya ngazi ya pili na ya tatu, akatokea kwenye orodha ya idara mbili. Upakiaji wa foleni utaendeshwa ndani ya `REPEATABLE READ` pale mwombaji anapodai picha moja ya data. Kazi hiyo inaanza kiraka cha SEHEMU kikishapita.